Huru wa Nini? Jibu kwa Wanaotuita Wafungwa wa Vina



Mwezi uliopita mswada wa diwani yangu ulirejeshwa. Ulikuwa umekaa kwa mchapishaji miezi kumi na mmoja, ukarudi na barua ya aya moja. Sitamtaja mchapishaji huyo, maana ugomvi wangu si wa mtu na mtu. Kukataliwa kwenyewe hakukuniuma sana. Anayealika wageni kwa pilau hana budi kustahimili mgeni akisema chumvi imezidi. Kilichoniuma ni sentensi ya mwisho, iliyonishauri niachane na vina na mizani ili hatimaye niwe mshairi huru.

Neno hilo huru nimelikalia wiki nzima, nikiligeuza kama mtu anayekagua sarafu aliyoitilia shaka. Si mara ya kwanza kutupiwa. Nimelisikia makongamanoni, nimelisikia kwa vijana wenye shahada na kwa wazee waliochoka, na kila mara hutamkwa kana kwamba maana yake imekwisha kukubaliwa na wote: mwenye vina kafungwa, asiye na vina yu huru. Leo nataka kulipinga. Lakini jibu langu halitaanzia Lamu wala Pemba, wala halitaanzia kwa Muyaka. Litaanzia Memphis, mji ulio kando ya mto Mississippi katika jimbo la Tennessee, Kusini mwa Marekani, kwa kuwa huko ndiko nilikoikuta, bila kutarajia, hoja niliyokuwa nikiitafuta miaka yote.

Aliyenipeleka huko ni mpwa wangu, fundi wa kurekodi sauti Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja kututembelea Tanga siku barua ilipofika. Aliisoma, akacheka, akasema, "Mjomba, hebu wasikilize hawa." Akanipigia albamu ya mwaka 1972 iitwayo #1 Record, ya bendi ya Big Star. Mimi ni mtu wa taarabu na dansi la zamani. Magitaa ya Kizungu kwa kawaida huniingia sikio moja yakatokea la pili. Haya hayakutoka. Wimbo wa nne, Thirteen, hauna ngoma. Una magitaa na sauti za vijana tu, na haufiki dakika tatu. Kijana mwoga anamwomba msichana ruhusa, na mwishoni yuko tayari kupokea jibu la kukataliwa bila kelele. Nikamwambia mpwa wangu aurudie. Akaurudia. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niishike kalamu: "Hawa nao wana mizani, mjomba, ila wao huhesabu kwa dakika."

Aina hiyo ya muziki huitwa pawapopu. Jina lilitoka kinywani mwa Pete Townshend wa bendi ya The Who mwaka 1967, alipokuwa akiueleza muziki wa bendi yake. Kwa istilahi zetu ningesema ni bahari, na ni bahari yenye masharti. Wimbo uwe mfupi, dakika tatu au pungufu. Magitaa ya umeme yawe angavu lakini yawe na kishindo. Sauti mbili au tatu ziitikiane kwa juu. Kibwagizo kifike mapema, kabla msikilizaji hajachoka. Baada ya ubeti wa pili na kiitikio huja kipande kimoja cha kati kisichorudiwa, wanachokiita daraja, kinachougeuza wimbo uso kidogo kabla ya kuurudisha nyumbani. Mama wa bahari hiyo ni nyimbo za Beatles, Byrds na Kinks za miaka ya 1960. Anayeitunga leo anajua hivyo, msikilizaji wake anajua hivyo, na hakuna anayemdanganya mwenziwe.

Naona tayari kuna msomaji anayeguna kwamba nalinganisha muziki wa dukani na ushairi. Ndugu yangu, ushairi wetu uliimbwa kabla haujachapwa, na hadi leo shairi la vina likisomwa kimya hulalamika. Tuendelee.

Mtu wa kumtazama kwa makini katika kisa hiki ni Alex Chilton, mzaliwa wa Memphis wa mwaka 1950. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, aliimba wimbo uitwao The Letter akiwa na bendi ya The Box Tops. Wimbo huo haufiki dakika mbili. Ulishika nafasi ya kwanza Marekani na kumfanya mtoto yule maarufu kabla hajaota ndevu. Sasa nawauliza wanaosema umbo ndilo gereza: Je, Chilton alikuwa huru wakati ule? Hakuutunga wimbo ule yeye. Wakubwa wake studioni ndio walioamua aimbe nini na aimbe vipi, na katika rekodi za Box Tops mara nyingi wapiga ala walikuwa wa kukodiwa, si wenzake wa bendi. Alikuwa na jina, safari na makofi ya umati, lakini sauti yake ilikuwa mali ya kukodishwa. Kabla miaka ya 1960 haijapinduka vizuri alikuwa amechoka, akaondoka.

Alipotoka huko alikwenda wapi? Kwa mantiki ya barua niliyoandikiwa, mtu aliyetoroka utumwa wa nyimbo fupi angekimbilia nyimbo ndefu zisizo na kiunzi. Nafasi ilikuwepo. Ulikuwa ndio wakati wa roki ya Kusini, ya akina Allman Brothers na Lynyrd Skynyrd, ambayo magitaa yake huzurura hata mtu akamaliza kikombe cha kahawa na kuagiza kingine. Wimbo mashuhuri wa Lynyrd Skynyrd, Free Bird, wa mwaka 1973, unazidi dakika tisa, na jina lake lenyewe ni ndege aliye huru. Sina ugomvi nao. Mpwa wangu anaupenda. Nasema tu kwamba njia hiyo ilikuwa wazi, pana, na ina fedha. Chilton akarudi kwenye dakika tatu. Akarudi kwenye umbo lile lile dogo alilokuwa amefungiwa akiwa mtoto, safari hii kwa hiari yake, akiwa na kalamu mkononi.

Aliwakuta vijana watatu: Chris Bell, Andy Hummel na Jody Stephens. Bell ndiye aliyekuwa roho ya kundi mwanzoni. Na hapa pana jambo ambalo nawasihi msilipite haraka. Studio yao ilikuwa Ardent, ya John Fry, mhandisi wa sauti ambaye aliwafundisha vijana wa mji namna ya kuendesha mitambo, na alipoona wamejua akawaachia ufunguo. Usiku, wateja wanaolipa wakiisha kuondoka, Bell na wenzake waliingia, wakarekodi, wakafuta, wakarekodi tena, bila mtu wa kuwaambia muda umekwisha au wimbo hautauzika. Nyimbo za #1 Record zilitokana na ufunguo huo.

Huo ndio uhuru, ndugu zangu. Haukuwa uhuru wa kutoka kwenye umbo, bali wa kuingia studio. Ulikuwa uhuru wa kurudia mshororo mara hamsini hadi sauti ya tatu ikae mahali pake. Aliyefungiwa nje ya studio hafunguliwi kwa kuruhusiwa kuandika wimbo wa dakika tisa, na aliyefungiwa nje ya matbaa hafunguliwi kwa kuruhusiwa kuacha vina.

Lugha yetu imejichanganya hapa, nadhani kwa bahati mbaya. Tunasema msanii huru tukimaanisha asiye chini ya kampuni. Tunasema shairi huru tukimaanisha lisilofuata arudhi; wengine huliita masivina, jina ambalo walau lina adabu ya kusema tu kisichokuwemo. Kwa kuwa neno ni moja, sifa ya la kwanza imehamia kwenye la pili bila kulipa nauli. Mtu akisikia shairi huru huona mnyororo umekatika mahali fulani, na mara moja mtunzi wa tarbia anavaa sura ya mfungwa, au mbaya zaidi, ya askari magereza. Waliolichagua neno hilo walichagua nusu ya hoja kabla mjadala haujaanza.

Turudi Memphis, kwa kuwa kisa hakikuishia kwenye furaha. Ardent ilikuwa na lebo, na lebo hiyo ilisambazwa na Stax, kampuni kubwa ya muziki wa soul ya mji ule ule. Albamu ilipotoka mwaka 1972 wahakiki waliisifu kwa maneno ambayo ningeyalilia yangekuwa yangu. Lakini Stax haikujua namna ya kuuza muziki wa vijana weupe wenye magitaa ya Kiingereza, na baadaye mwaka ule ikaingia mkataba wa usambazaji na Columbia, na santuri za Big Star zikawa yatima katikati ya kampuni mbili. Msikilizaji aliyesoma sifa zake gazetini alikwenda dukani asiikute. Husimuliwa kuwa zilizouzwa wakati ule hazikufika elfu kumi. Bendi iliyojiita nyota kubwa, jina lililookotwa kwenye kibao cha duka la vyakula lililokuwa ng'ambo ya barabara, haikuonekana angani.

Kwa hiyo umbo halikuwaangusha. Kilichowaangusha ni lori ambalo halikupeleka mzigo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kila diwani ya vina isiponunuliwa kwetu, mtu husimama na kusema, mwaona, wasomaji wamechoshwa na vina. Je, wasomaji hao waliiona wapi diwani yenyewe? Ni duka gani la vitabu kati ya Tanga na Mtwara lililoiweka rafuni?

Walikuwepo pia waliosema kuwa vijana hawa ni waigaji, kwamba wanaimba Uingereza ya mwaka 1965 wakiwa Tennessee ya mwaka 1972. Shutuma hiyo ingali hai. Kila inapotoka albamu mpya ya pawapopu ya mtunzi anayejitegemea kule Kusini, akairekodi kwa fedha zake na kuiuza kwa mkono wake, hakosekani mhakiki wa kuandika kwamba ni nzuri lakini haina jipya. Ni sentensi ile ile tunayoandikiwa sisi. Mimi humuuliza mwenye sentensi hiyo: jipya ulilitafuta wapi? Kama ulilitafuta kwenye idadi ya beti, ni kweli, hutalikuta. Katika September Gurls, wimbo wa albamu yao ya pili, Radio City ya mwaka 1974, kibwagizo ni kifupi mno. Nimekihesabu kwa vidole, silabi saba, hakijai hata ukwapi wetu wa mizani nane. Na bado kinapofika, baada ya gitaa lile linalolia kama kengele, mtu anahisi msiba ambao hakuambiwa ni wa nani. Jipya liko pale. Mhakiki alikuwa akihesabu milango ya nyumba. Hakuuliza nani anaishi ndani.

Kuna jambo la lugha linalonivutia hapa, nami naomba ruhusa nichepuke kidogo. Kina katika Kiingereza ni cha gharama. Maneno yao huishia kwa konsonanti za kila namna, moja, mbili, hata tatu zilizorundikana, na mtunzi anayetafuta neno la kulingana na jingine hujikuta ana machache mkononi, mengi yakiwa yamechakaa. Ndiyo maana mtunzi wa nyimbo huridhika na kina cha karibu, akaachia sauti na ngoma zifiche pengo. Sisi Mungu ametujalia silabi wazi. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu, na viambishi vyetu hurudia sauti hata tusipotaka. Kina kwetu ni rahisi kama maembe ya msimu. Na kitu rahisi huharibu mkono.

Hapa basi nawageukia watu wa kambi yangu, maana sikuja kuwasafisha. Ni wangapi kati yetu wamejaza utao kwa maneno ya kuziba, ewe na jamani na hakika, ili mizani itimie? Ni beti ngapi tumezisikia kwenye shughuli za kitaifa, zenye mizani kumi na sita kamili na vina visivyo na dosari, ambazo ukizikamua hazitoi hata tone? Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, wako waliozisoma sheria zile kama cheti cha kuhitimu. Aliyetimiza mizani hudhani amemaliza kazi, ilhali ndiyo kwanza amefungua mlango wa studio. Pawapopu mbovu nayo ipo, tele, na ni mbovu kwa namna hii hii: magitaa angavu, sauti tatu, kibwagizo mapema, na ndani hamna mtu.

Chris Bell aliujua ugumu huo kwa mwili wake. Kushindwa kwa albamu ya kwanza kulimvunja. Alijitoa kwenye bendi mwishoni mwa 1972, mwaka ule ule kazi yake ilipotoka. Baadaye alirekodi nyimbo zake mwenyewe, alisafiri hadi London kuzichanganya na Geoff Emerick, aliyekuwa mhandisi wa Beatles, akazunguka akitafuta kampuni ya kuzitoa. Hakupata. Akarudi Memphis, akafanya kazi katika mkahawa wa familia yake. Wimbo wake I Am the Cosmos ulitoka mwaka 1978 kama santuri ndogo, si kwa kampuni kubwa, bali kwa Car Records, lebo ndogo ya Chris Stamey, kijana wa North Carolina aliyekuwa ameupenda tu. Mwaka huo huo, tarehe 27 Desemba, Bell alifariki kwa ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Kesho yake ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Chilton. Albamu nzima ya Bell ilitoka mwaka 1992.

Nimeusikiliza wimbo ule mara nyingi kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu. Ni wimbo wa mtu anayejidai kuwa mkubwa kama mbingu, na papo hapo anakiri kwamba ukubwa huo haumsaidii chochote mbele ya mtu mmoja aliyeondoka. Ungeweza kuwa mayowe. Bell ameutia ndani ya beti na kiitikio, na sauti zimepangwa moja juu ya nyingine kwa uangalifu wa seremala. Huzuni ile ingemwagwa tu ingekauka sakafuni. Mle ndani ya chombo imebaki mbichi hadi leo. Mtu asinambie kwamba chombo kile kilikuwa pingu.

Najua mtakachonijibu, maana mpwa wangu alikwisha kunijibu. Iko albamu ya tatu. Mwaka 1974 Chilton na Stephens waliingia tena Ardent, na Jim Dickinson kama mtayarishaji, wakarekodi nyimbo ambazo zilikuja kutoka mwaka 1978, zikiwa na jina Third. Humo umbo linavunjika mbele ya masikio yako. Nyimbo zinaanza zikasita, ala zinaingia mahali pasipotarajiwa, sauti inanong'ona kana kwamba mwimbaji hajali kama kuna mtu. Wako wanaosema ndiyo kazi yao bora, nami sina nguvu ya kuwapinga. Usiku fulani nakubaliana nao. Lakini naomba tuitazame ilivyokuja. Bell alikuwa ameondoka, Hummel ameondoka, na Stax ilikuwa ikizama, hata ikafilisika Desemba 1975. Chilton alivunja umbo wakati ambao hapakuwa tena na mtu wa kulipokea. Ni kazi kubwa, na ni kazi ya mtu aliyebanwa kila upande. Anayetaka kuitumia kuthibitisha kwamba kuvunja umbo ni uhuru amechagua shahidi mbaya. Albamu iliyotungwa na watu wenye ufunguo, usiku, wakiwa na matumaini, ndiyo ile yenye beti zilizonyooka.

Na sisi tuna shahidi wetu, wa karibu kuliko Memphis. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa ajili ya kijikaratasi chake Kenya: Twendapi?, akakaa gerezani hadi 1972. Humo, kwa siri, akitumia karatasi za chooni, alitunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Aliyatunga kwa arudhi, kwa vina na mizani, kwa lahaja ya Mombasa isiyobembeleza mtu. Huyu ni mtu aliyejua kufungwa ni nini, si kwa tamathali. Alikuwa na kuta, askari, na mlango usiofunguliwa. Kati ya vitu vyote vilivyomzunguka, vina ndivyo pekee alivyovichagua mwenyewe. Hebu mtu aende akamwambie mbele ya uso wake kwamba gereza lake lilikuwa vina.

Mwaka uliofuata, 1974, mwaka ule ule wa Radio City, ndipo Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi na mgogoro wetu ukawaka. Sikusudii kumtukana Kezilahabi, na asiyempenda asije akadhani nimemletea kuni. Kichomi ni kitabu cha mtu aliyekuwa na la kusema na akalisema kwa namna iliyomfaa. Alikuwa huru kwa sababu alichagua, kama alivyochagua Abdilatif. Kosa si lake. Kosa ni la waliokuja baada yake, ambao hawakuchagua kitu. Walikuta mlango mmoja umeandikwa huru na mwingine umeandikwa kale, wakaingia uliokuwa na jina zuri. Nimesoma miswada ya vijana wa namna hiyo. Mstari unakatwa pale karatasi inapochosha. Ukimuuliza mwenyewe kwa nini umekata hapa na si pale, anakujibu kwamba yeye ni huru.

Kule Kusini waliokuja baada ya Big Star walielewa vizuri zaidi. Chris Stamey, yule wa lebo ndogo, aliunda The dB's pamoja na mwenzake wa North Carolina, Peter Holsapple. Albamu zao mbili za kwanza za mwaka 1981 zilitolewa na kampuni ya Uingereza, na Wamarekani waliozitaka walizinunua kama bidhaa ya ng'ambo. Hawakuacha bahari yao kwa sababu hiyo. Rafiki yao Mitch Easter alifungua studio katika gereji ya wazazi wake huko Winston-Salem, akaiita Drive-In, na humo mwaka 1981 wakaja vijana wanne kutoka Athens, Georgia, waliojiita R.E.M., kurekodi wimbo wao wa kwanza. Tazameni walichorithi kutoka Memphis: magitaa angavu, naam, na nyimbo fupi, lakini kabla ya yote ufunguo. Gereji ni ya mama na baba, mitambo ni ya mwenyewe, hakuna anayekuja kusema muda umekwisha. Hadi leo wapo wengi katika majimbo yale wanaotoa albamu kwa njia hiyo, wazee kwa vijana, na ukizisikiliza utakuta dakika tatu zingali dakika tatu.

Bandari hii nayo ina madogo yake. Nimeuchukua mswada wangu, nikausoma upya kwa masikio ya mtu asiyenipenda. Ulikuwa na mashairi themanini na manne. Kumi na tisa nimeyatoa. Mchapishaji alikuwa na haki juu ya hayo, ingawa kwa sababu asiyoitaja: yalijaa ewe na jamani. Yaliyobaki nayachapa kwa fedha zangu, nakala mia tatu, katika duka la chapa lililo barabara ya pili kutoka nyumbani, ambako mwenye mashine ameniruhusu kuingia jioni akishafunga na kusahihisha kurasa mwenyewe mpaka nitosheke. Mke wangu ameuliza nakala mia tatu zitalala wapi. Mpwa wangu amejitolea kunirekodi nikiyaghani machache, na ameshanionya kwamba nikizidi dakika tatu atanikata.

Barua ya kumjibu mchapishaji nimekwisha kuiandika. Ina beti nne.